Kinachoua bendi zetu ni kufuli, si singeli

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba bendi za mtaani zimekufa kwa sababu vijana wamehamia kwenye singeli, na wenye harusi wanaona nafuu kumwita DJ na MC wake. Barua yake niliisoma, kisha nikampa fundi wa meza ya jirani naye aisome, maana mumewe aliwahi kupiga ridhimu kwenye bendi miaka ya nyuma. Tulikubaliana kwamba huyu ndugu yetu anazijua bendi kwa kuzitazama kutoka kwenye viti vya wageni waalikwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, karibu na Soko la Chifu Kingalu. Jioni na mwisho wa wiki ni mwitikiaji katika bendi ya ridhaa inayopiga zilipendwa, na mimi ndiye ninayeshika daftari la hesabu. Hakuna kati yetu anayekula kwa muziki. Mpiga besi ni seremala, mpiga dramu ni mwalimu wa shule ya msingi, mpiga tumba anauza mitumba. Tukipata harusi mbili kwa mwezi, mwezi huo umekuwa mzuri. Mara nyingi tunapata moja, au tunapata ubarikio wa mtoto wa jirani ambao tunapiga kwa wali na soda.

Vijana hawaukimbii muziki wa bendi. Wanakuja mazoezini, wanageuza ndoo wanakalia, wanatazama vidole vya mpiga solo wimbo mzima, na ukiisha wanaomba kushika gitaa kidogo tu. Wanachokikimbia ni namna wanavyotendewa na yule mwenye gitaa. Na wakishaondoka wawili watatu bendi haina tena mwimbaji wala mpiga tumba, na hapo ndipo mwenye harusi anapomwita DJ. DJ amekuja kuziba pengo ambalo tumelichimba wenyewe.

Kiongozi wetu wa kwanza sitamtaja. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na mjini hapa anaheshimika. Ni haki nianze na wema wake, maana barua za namna hii huwa zinamfanya mtu shetani kuanzia mstari wa kwanza. Bendi aliianzisha yeye. Alipopata mafao yake alinunua miksa na gitaa la solo wakati wenzake wananunua viwanja. Nyuzi zikikatika alikuwa ananunua kwa fedha yake, hasemi. Alimfundisha mpiga besi wetu tangu hajui kuliweka gitaa sawa. Sikio lake lilikuwa linasikia sauti moja iliyopotea katikati ya watu kumi, na akikurekebisha unaona kweli wimbo umesimama. Bila yeye kusingekuwa na cha kugombania.

Lakini vyombo vyote vilikaa nyumbani kwake, na chumba cha mazoezi kilikuwa na kufuli moja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Akikasirika, hakuna mazoezi. Akisafiri kwenda msibani, hakuna mazoezi. Mtu akihoji jambo la fedha, anajibiwa, "Nunua vyako." Hilo neno wapiga muziki wote wa mtaani wanalifahamu. Likishatamkwa mara moja, watu wanaendelea kuja, lakini kila mmoja anajua kuwa yupo pale kama mgeni.

Kulikuwa na faini ya shilingi elfu mbili kwa anayechelewa mazoezini. Sikuipinga faini, maana mtu ameacha biashara yake akaja, hana sababu ya kumsubiri mwingine. Tatizo ni kwamba kiongozi akichelewa, mazoezi yalihesabiwa yameanza pale alipofika yeye. Seremala aliyekuja saa kumi na moja kamili amekaa nje mlangoni, anaandikiwa faini kwa sababu alikwenda kununua sigara dakika ambayo mlango ulifunguliwa. Faini hizo niliziandika kwenye daftari kwa mkono wangu, na hakuna siku niliyoiona fedha yake ikiingia kwenye sanduku.

Na kulikuwa na maneno. Alikuwa anamsema mtu kwenye maiki. Si mazoezini tu, hata ukumbini, mbele ya watu. Mwitikiaji mwenzangu, binti mdogo mwenye sauti ambayo mimi sitaipata, aliambiwa kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi pale Kihonda kwamba "leo umekuja kuonyesha gauni au kuimba?" Gauni lile nilimshonea mimi. Mama yake alikuwa miongoni mwa waalikwa. Yule binti hakurudi, na mama yake akasema hata kanisani kwaya hataimba kwa muda. Kwenye bendi wasichana ndio wa kwanza kuondoka, na ukiuliza unaambiwa "ameolewa" hata kama hajaolewa.

Kilichotuvunja hasa kilikuwa tunzo. Hapa naomba nieleze kwa kirefu, maana naamini ndicho kinachozivunja bendi nyingi, na watu wanaona aibu kukisema.

Msomaji anajua inavyokuwa: wimbo unakolea, shangazi wa bibi harusi wanakuja mbele wanacheza, wanamtunza mwimbaji. Noti zinabandikwa kipajini, nyingine zinachomekwa kwenye kola, nyingine zinadondoka kwenye zulia. Tulikuwa tunalipwa laki nne kwa harusi. Toa kirikuu ya kubeba vyombo kwenda na kurudi, toa mafuta ya jenereta, toa nyuzi, toa chakula; kinachogawanywa ni kidogo, na mgao wa kiongozi ulikuwa mara mbili kwa sababu ya vyombo vyake. Kwa hiyo usiku fulani tunzo inaweza kumzidi mtu mgao wake. Je, ni ya aliyetunzwa, au ni ya bendi? Aliyetunzwa anasema shangazi amemfuata yeye, amemtazama machoni. Mpiga besi anasema bila besi yangu shangazi asingeinuka kwenye kiti. Wote wawili wanasema kweli. Kwetu jambo hili halikuwahi kujadiliwa hata siku moja. Kila harusi kiongozi aliamua papo hapo, kulingana na alivyoamka.

Mwimbaji wetu alikuwa dereva wa bajaji, kijana wa Mji Mpya. Usiku mmoja harusini alikuwa amefika kwenye lile chemko la mwisho, pale wimbo unapopamba moto, noti zimemjaa usoni mpaka jicho moja halionekani. Kiongozi akaacha kupiga solo, akasogea kwenye maiki ya pili, akasema ukumbi mzima unasikia: "Hizo ziweke hapa, umezipata kwa vyombo vyangu." Kijana hakujibu. Alizibandua moja moja, akazilaza juu ya spika, akainyoosha ile iliyokunjamana, akashuka jukwaani. Tumba na besi ziliendelea kama nusu dakika hivi, bila sauti ya mtu, kwa sababu wale wapigaji hawakuwa wameona. Mimi nilianza kuitikia kiitikio ambacho hakikuwa na wa kukiitikia. MC akaokoa jahazi kwa kutangaza chakula.

Wiki iliyofuata walikuja mazoezini watu watatu.

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na watu wa pande zote mbili. Wazee walituambia tuvumilie: yule ni mkubwa, mkubwa hasemwi, atachoka mwenyewe. Hachoki. Na wakati mnamsubiri achoke, nyinyi mnakuwa mmeshaondoka mmoja mmoja. Katika bendi ya ridhaa mtu haandiki barua ya kuacha kazi. Anasema anaumwa, kisha anasema ana wageni, kisha unakutana naye Msamvu anakuuliza "bado mnapiga?"

Vijana nao walitaka tujitenge usiku huohuo, tuanzishe yetu. Walikuwa wananitajia bendi kubwa. Waliniambia Les Wanyika walijitoa Simba Wanyika kule Nairobi mwaka 1978, na wapenzi wa muziki wakapata bendi mbili nzuri badala ya moja. Wakaniambia hata Mbaraka Mwinshehe, fahari ya mji huu, aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Ni kweli. Lakini wale walikuwa watu wanaoishi kwa muziki, majina yao yanauza sahani za muziki, yupo wa kuwapokea. Sisi tukijitenga tunapata wapiga besi nusu na waimbaji nusu, na hakuna upande wenye amplifaya. Hapa Morogoro nimeshaona bendi moja ya mtaa ikigawanyika ikawa mbili, na mwaka ulipokwisha hakuna iliyobaki hata moja.

Vijana walipokuwa wananitajia historia, nami niliwaambia waitazame upande wa pili. Bendi za mwanzo kabisa za nchi hii, kama Dar es Salaam Jazz ya 1932 au Morogoro Jazz ya 1944, zilitokana na vijana wenye kazi zao za mchana waliokutana jioni, kama sisi. Salum Abdallah alipofariki mwaka 1965, bendi yake ya Cuban Marimba ya hapahapa Morogoro haikuzikwa naye. Juma Kilaza aliiongoza ikaendelea kupiga. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika jina kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na mpaka leo watu wanaifuata kwa jina la Msondo Ngoma. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo, sauti kubwa kama ile, alitoka pale akaenda bendi ya Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, mwaka 1985 akaenda bendi ya Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo. Alikuta bendi ipo. Mlimani Park nayo haikufa alipoondoka. Vyombo havikuwa vya mwimbaji wala vya mpiga solo, kwa hiyo mkubwa akinuna, bendi inaumia lakini inapiga Jumamosi. Na Zanzibar kuna Ikhwani Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa mwaka 1905, ambayo kwa vizazi na vizazi imebebwa na wanachama wenye shughuli zao nyingine. Zaidi ya miaka mia moja! Siamini kwamba ndani ya klabu ile hawajawahi kupata kiongozi mkali. Ila klabu ni ya wanachama, si ya mtu.

Basi sisi tulifanya hivi. Hatukumwendea wenyewe. Kijana kumkabili mtu wa umri wa baba yake ni kumlazimisha ajitetee, na akishajitetea mbele ya watoto hawezi tena kurudi nyuma. Tuliwatuma shemeji yake na mzee mmoja anayeswali naye. Walikwenda jioni kadhaa. Neno tulilowabebesha lilikuwa moja: hakuna anayekunyang'anya bendi, tunaomba tuandike kipi ni chako na kipi ni chetu. Jioni ya kwanza aliwapa chai akakataa kulizungumza. Baadaye, wanavyosimulia, alimwambia shemeji yake kuwa anaogopa siku akikabidhi ufunguo hataitwa tena. Mimi nilipoambiwa hilo nilielewa mambo mengi ya nyuma, pamoja na faini.

Siku ya kikao tulipanga isiwe siku ya mazoezi, na vyombo visiwepo, kwa sababu mtu mwenye gitaa shingoni hasikii anachoambiwa. Tulikaa kibarazani kwa seremala. Tukavitaja vyombo kimoja kimoja, naandika. Miksa, yake. Gitaa la solo, lake. Spika mbili, za bendi, maana zilinunuliwa kwa fedha za harusi na risiti ninayo. Dramu ilitolewa na mjomba wa mpiga dramu, tukamwita mjomba mwenyewe aseme alimpa nani. Akasema aliipa bendi. Amplifaya ya besi ilitukalisha mpaka usiku. Nusu alitoa yeye, nusu ilitoka kwenye sanduku, na kila mtu anakumbuka kiasi chake. Mwisho tukakubaliana bendi imlipe nusu yake kidogo kidogo kila baada ya harusi, na miksa yake tuikodi kwa kiwango kinachojulikana, badala ya ule mgao mara mbili. Tulipomaliza kumlipa, alisaini kwenye daftari, na saini yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

Ukurasa wa daftari tulioandika makubaliano yetu una mambo mengine machache. Anayeongoza muziki si mwenyekiti, na wote wawili si washika fedha. Uongozi ni miaka miwili, kisha watu wanachagua, hata kama watamchagua yuleyule. Faini inamhusu kila mtu na inasomwa mbele ya wote mwisho wa mwezi. Tunzo nusu ni ya aliyetunzwa na nusu inaingia kwenye sanduku, na hilo linatamkwa kabla hatujapanda jukwaani, siyo baada. Kumsema mtu kwenye maiki ni marufuku kwa yeyote. Kosa la jukwaani linazungumzwa mazoezini. Chumba kina makufuli mawili na funguo ziko kwa watu wawili wasioishi nyumba moja.

Kuna waliosema tunawaletea watu wa muziki urasimu wa ofisini. Seremala aliwajibu vizuri: yeye hata meza hatengenezi bila kuandika nani ametoa mbao.

Sitaki msomaji adhani kila kitu kilirudi mahali pake. Mwimbaji wa Mji Mpya hakurudi. Nilimfuata mwenyewe mara nyingi, alinipokea kwa heshima, akanipa lifti, akakataa. Yule binti pia bado. Mwimbaji tuliye naye sasa ni mzuri lakini nyimbo tatu tumeziacha kabisa kwa sababu hazimkai. Yule mzee tunaye. Katika uchaguzi wa kwanza hakupata uenyekiti, alikosa mazoezi kwa majuma kadhaa, tukawa tunamtuma mpiga besi ampelekee salamu na mgao wa miksa yake. Akarudi. Sasa anaongoza muziki, na nasema kwa moyo mweupe kwamba anafundisha vizuri kuliko zamani, kwa sababu akili yake haiko mlangoni.

Ninachoomba ni hiki. Kwa viongozi wa bendi, kwaya na vikundi vya matarumbeta: andikeni umiliki wa vyombo wakati bado mnapendana, wiki hii, kabla hamjapata harusi kubwa. Mkiandika wakati wa ugomvi kila mstari unakuwa vita. Kwa maafisa utamaduni wa halmashauri zetu: mnapovipokea vikundi vinavyokuja kujisajili, msiulize jina la kikundi na picha ya mwenyekiti tu. Ulizeni vyombo ni vya nani, tunzo inagawanywaje, na kiongozi anatokaje madarakani. Baraza la Sanaa la Taifa lipo kisheria tangu 1984. Ukurasa mmoja wa mfano wa makubaliano ya kikundi hauwezi kuwa mzigo kwao, na ungewafaa watu wengi ambao hawana mzee wa kumtuma. Na kwa yule msomaji wa barua ya singeli: anakaribishwa mazoezini kwetu Alhamisi jioni. Watoto waliokalia ndoo atawakuta, na kati yao yupo mmoja ambaye mpaka jana usiku alikuwa anacheza singeli.

Nakala ya ukurasa wetu nimeiweka ndani ya bahasha hii, majina nimeyafuta. Kama nafasi haitoshi kuuchapisha, naomba mhariri uwape wanaouhitaji. Wabadilishe viwango vya fedha kulingana na kwao, na ile sehemu ya amplifaya waiache, hiyo ilikuwa yetu peke yetu.

Mweka hazina wa bendi,
Morogoro